Nionyesheje jukwaani wizi usioonekana?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Newala na nina kikundi cha vijana kumi na wawili, wengine wanafunzi wangu wa zamani. Tulisoma habari za tamthilia ya Kiingereza iitwayo Enron, inayohusu ile kampuni ya Marekani iliyoanguka kwa udanganyifu wa hesabu. Vijana wamewaka, wanataka tuigize kitu cha namna hiyo kwa Kiswahili kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, na tunafikiria kampuni ya kwenye hadithi iwe chama cha msingi cha wakulima na mnada wa korosho. Nimekaa kuandika mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kwenye hotuba: mmoja anaeleza hisa ni nini, mwenzake anauliza, wa kwanza anaeleza tena. Wazee watalala. Jambazi mwenye panga naweza kumwonyesha. Huyu anayeiba kwa kalamu namwonyeshaje? Na je, nimfanye mbaya tangu mwanzo?"

Marahaba, mwalimu. Poleni na baridi la huko juu, sisi wa Mikindani tunalisikia tu kwenye simu.

Hiyo hotuba yako naijua, maana nami niliwahi kuiandika. Kabla sijaanza kufundisha sanaa za maonyesho nilikuwa karani wa ghala kwa misimu minne, na mchezo wangu wa kwanza ulihusu mizani iliyochezewa. Nilimweka mhasibu jukwaani akaeleza unyaufu, makato na mjengeko wa bei kwa dakika ishirini. Kila neno lilikuwa sahihi. Kufika dakika ya kumi watoto wa mbele walikuwa wanarushiana maganda ya machungwa, na mzee mmoja akamwuliza jirani yake kwa sauti ya kusikika kote, "Huyu anatusomea tangazo la nini?"

Ilinichukua miaka kuelewa kosa langu. Nilikuwa naeleza wizi kwa watu ambao hawajaibiwa kitu. Aliyekaa kwenye mkeka hana shida na hesabu. Mama wa sokoni anayeuza kwa mkopo kwa watu thelathini bila daftari anaijua hesabu kuliko mimi nawe. Shida ni kwamba hana chake ndani ya hadithi. Kwa hiyo jibu langu ni hili, na mengine yote ni namna ya kulitenda: mfanye mtazamaji aiamini karatasi kabla hujamwambia kwamba ni karatasi tu. Mpe, aishike, aione inapanda thamani, ahesabu moyoni atanunua nini. Akishafika hapo, mhasibu wako mtoe jukwaani aende zake.

Unayakumbuka mazingaombwe yaliyokuwa yanakuja shuleni? Tulitoa vijisenti vyetu, tukakaa vumbini, yule bwana akachukua karatasi nyeupe akaikunja, ikatoka noti. Wote tulijua ni kiini macho. Hata hivyo kila mtoto alirudi nyumbani anawaza kitu kilekile: angekuja kwetu, akanigeuzia daftari langu zima! Watunzi wengi wa michezo ya ufisadi wanakazana kuonyesha mkono wa mfanya mazingaombwe. Mchezo wako uko kwenye kichwa cha yule mtoto anayerudi nyumbani.

Sasa Enron yenyewe, maana huwezi kuigeuza kitu usichokijua. Ilizaliwa mwaka 1985 kwa kuunganishwa kampuni mbili za gesi, makao yake yakawa Houston, Texas, chini ya Kenneth Lay. Yaani kampuni ya mabomba. Watu wa Mtwara hatuhitaji kuelezwa bomba la gesi. Mnazi Bay iko hapa na bomba la kwenda Dar es Salaam limepita mbele ya macho yetu. Bomba ni kazi ya polepole, unachimba, unalaza chuma, unasubiri miaka. Mwaka 1990 akaajiriwa Jeffrey Skilling, mtu mwenye akili kali, ambaye hakutaka kusubiri. Aliona faida iko kwenye kuuza na kununua ahadi za gesi kuliko kwenye gesi yenyewe. Mwaka 1992 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikaikubalia Enron itumie hesabu ya namna yake: ukisaini leo mkataba wa miaka ishirini, faida yote unayoitarajia unaiandika leo.

Kwa lugha ya Newala ni hivi. Mzee ana mikorosho mia. Ni Julai, imetoa maua. Anasimama chini ya mti, anahesabu maua, anazidisha kwa bei ya mnada wa mwaka jana, anaandika kwenye daftari: nimepata. Kisha anakwenda kwa shemeji yake, anamwonyesha daftari, anakopeshwa pikipiki. Ubwiri unga haujaja, salfa hajanunua, lakini kwenye daftari korosho zimeshauzwa na fedha zimeshaliwa.

Usidhani natia chumvi. Julai 2000 Enron ilisaini mkataba wa miaka ishirini na Blockbuster, kampuni ya kukodisha filamu, ili filamu zipelekwe majumbani kwa intaneti. Mpango haukuvuka hatua ya majaribio, na Machi 2001 ukavunjika. Katika miezi hiyo minane Enron ilikuwa imeshaandika faida ya dola milioni 110. Maua matupu.

Ubaya wa kuhesabu maua ni kwamba mwakani lazima uhesabu mengi zaidi, la sivyo utaonekana umeshuka, na fedha taslimu bado haziji. Hapo ndipo anapoingia Andrew Fastow, mkuu wa fedha. Kazi yake ilikuwa kutafuta pa kufichia madeni. Aliunda kampuni za pembeni, Enron ikawa "inaziuzia" mali zisizo na faida. Kwa kanuni za wakati ule, kampuni ya namna hiyo ikiwa na asilimia 3 tu ya mtaji kutoka kwa mtu wa nje, iliweza kuhesabiwa si yako, na deni lake halikuingia kwenye mizania yako. Asilimia 3! Mbuzi mia zizini, watatu wa jirani, basi ukiulizwa unasema zizi si langu. Baadhi ya kampuni hizo aliziendesha Fastow mwenyewe huku akiwa bado mkuu wa fedha wa Enron. Na zile nne zilizoitwa Raptor zilitegemea zaidi dhamana ya hisa za Enron yenyewe. Hisa zikishuka, dhamana inayeyuka siku ileile inapohitajika.

Lucy Prebble, mwandishi wa hiyo tamthilia mliyoisoma, alikutana na ukuta huohuo uliokukwamisha wewe. Mchezo wake ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2009 mjini Chichester, Uingereza, ukiongozwa na Rupert Goold, kisha ukahamia London. Alichofanya ni kulipa kila neno la uhasibu mwili. Fastow anamweleza bosi wake mpango kwa kisanduku ndani ya sanduku ndani ya sanduku, mpaka kile kidogo kabisa kinachong'aa wekundu, ndicho kinachoshikilia vyote. Zile Raptor zimekuwa wanyama kweli, waigizaji wenye vichwa vya dinosaria wanaoishi chini ya jengo wakila madeni. Huhitaji cheti cha uhasibu kuelewa. Kinaingia mdomoni, hakionekani tena, na mnyama anazidi kunenepa.

Lakini wewe uko Newala, dinosaria wa nini? Wamakonde wana midimu, Wamakua wana isinyago, na hakuna mtu wa huko atakayeshangaa kuona kinyago kikiingia uwanjani kinacheza. Waulize wazee kwanza, hilo nakusihi. Kinyago cha unyago kina wenyewe na kina siku zake, hakitolewi tu kwa sababu mwalimu anatunga mchezo. Wakisema hapana, usibishane. Chonga chako cha boksi na gundi, kisifanane na cha mtu. Ila mnyama awepo. Alishwe karatasi, moja moja mwanzoni, baadaye kwa mafungu. Mwigizaji wa ndani aongezewe kanga na matambara kila akila, ili onyesho la mwisho asiweze kupita mlangoni.

Na kwa Fastow wako nakupa kitu ambacho hakigharimu chochote: kofia tatu. Meza moja, kijana mmoja mwepesi wa miguu. Anakuja mbele ya meza amevaa kofia ya pama, anasema, "Nahitaji mkopo." Anazunguka nyuma ya meza, anavaa barakashia: "Mdhamini wako nani?" Anakimbia ubavuni, anavaa kofia ya ukindu: "Mimi hapa. Huyu namjua tangu tumboni mwa mama yake." Anarudi nyuma ya meza, barakashia: "Basi imepita." Mkono wake wa kulia unaupa mkono wa kushoto hongera. Arudie mara tatu, kila mara kasi ikizidi, mpaka kofia zichanganyike kichwani, mdhamini aombe mkopo na mkopeshaji ajidhamini. Pembeni amekaa mkaguzi na sahani ya pilau aliyoletewa na mwenye kofia, anakula kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine: watu watatu, wote wameridhika.

Sahani hiyo usiiache. Mwaka 2000 wakaguzi wa Enron, kampuni ya Arthur Andersen, walipokea kutoka kwake dola milioni 52, na zaidi ya nusu haikuwa ya ukaguzi, ilikuwa ya ushauri na kazi nyingine. Hotuba nzima ya maadili ya ukaguzi inaingia kwenye pilau moja.

Kuna kisa kimoja ambacho ningekuwa wewe ningekijengea tendo zima. Mwaka 1998 wachambuzi wa soko la hisa walikuwa wanakuja Houston kuitazama Enron. Biashara mpya waliyokuwa waoneshwe haikuwa na shughuli za kutosha kupendeza macho. Kampuni ikatengeneza ukumbi wa biashara kwenye ghorofa moja, kompyuta, simu, kila kitu, wakaletwa wafanyakazi wa idara nyingine wakae pale wajifanye wanauza na kununua. Waliambiwa walete vitu vyao binafsi wapange mezani, ili paonekane watu hufanya kazi pale siku zote. Wageni wakapita, wakaridhika, wakaondoka.

Unaona, mwalimu? Kampuni yenyewe ilishaandaa tamthilia, na seti, na waigizaji, na vifaa vya mkononi. Wewe unaigiza watu walioigiza.

Na tendo hilo halihitaji tafsiri, kwa sababu kila Mtanzania ameshalicheza. Ni siku ya mgeni rasmi. Mawe ya njia yanapakwa chokaa, madawati yanaazimwa shule ya jirani, mti unapandwa asubuhi ili upandwe tena na mgeni saa nne. Mimi mwenyewe nilikuwamo. Msimu wangu wa tatu ghalani, mahali ambapo jina lake nalihifadhi, tuliambiwa kesho wanakuja watu wa mkopo kuhakiki mzigo. Mzigo ulikuwa robo ya ulioandikwa. Usiku ule tulipanga magunia kwa taa ya chemli: ukuta wa mbele magunia ya korosho kweli, yamejaa, midomo imeshonwa vizuri; nyuma ya ukuta huo, hewa. Pango. Kutoka mlangoni ungeapa kuwa ghala limejaa mpaka darini. Asubuhi mgeni alisimama mlangoni, akasogea gunia la kwanza, akaligonga mara mbili kwa kalamu yake, akasema, "Safi kabisa." Muda wote huo ndani ya lile pango alikuwa amelala mlinzi wetu, na tulikuwa tunaomba asikorome.

Ule usiku sikujiona mwizi hata kidogo. Nilijiona mpangaji hodari wa magunia. Nilikuwa kijana, bosi alinishika bega akaniambia mimi ni wa kutegemewa, na kwa kweli ule ukuta ulinyooka vizuri. Niliurudia kuutazama kwa mbali. Sikuiba hata punje. Sahihi yangu tu ilibaki kwenye daftari.

Hapo nimeshaanza kujibu swali lako la pili. Usimfanye mbaya tangu mwanzo. Ukimvisha miwani myeusi na kicheko cha shetani, wazee watamtambua dakika ya kwanza, watajipongeza kwa kumtambua, na mchezo umekwisha hapo. Watakaa saa nzima wanasubiri akamatwe. Mpigaji wa kweli haji hivyo. Gazeti la biashara la Fortune liliitaja Enron kuwa kampuni bunifu kuliko zote Marekani kwa miaka sita mfululizo, kuanzia 1996. Watu waliosoma vyuo vikubwa waliwapigia makofi. Basi na wako apigiwe makofi, kwa mikono halisi ya watu wa Newala. Mpe utani bora kuliko wote, mpe shati safi, mpe sauti nzuri ya kuimba ukiwa nayo kikundini. Awe ndiye anayelipia sanda na mchele msiba ukitokea, anayenunulia vijana mpira. Na aamini anachokisema. Skilling nionavyo mimi hakuwa anadanganya kila saa. Aliamini kwamba akili yake ilikuwa kubwa kuliko mabomba. Mtu wa namna hiyo anatisha zaidi kwa sababu ukikaa naye unataka na wewe awe rafiki yako.

Upande wa pili weka mtu mmoja tu wa chini, usiweke kundi la wananchi wanaolia kwa pamoja. Wafanyakazi wa Enron walikuwa wameweka akiba zao za uzeeni kwenye hisa za kampuni, zaidi ya nusu ya mfuko mzima. Agosti 2000 hisa moja ilifika dola 90. Septemba 2001, mambo yakiwa yameshaanza kuoza, Lay aliwaambia wafanyakazi wake kuwa hisa kwa bei ile ilikuwa ya kuokota, ilhali mwaka huohuo yeye alikuwa akiirudishia kampuni hisa zake na kuchukua mamilioni ya dola. Tarehe 2 Desemba 2001 kampuni iliomba kinga ya kufilisika, hisa ikiwa haifiki dola moja. Kutoka hapo mchukue mfagiaji mmoja wa ofisi, mama wa makamo, na kibubu chake. Bosi anamsalimia kwa jina kila asubuhi, na siku moja anamwambia aweke akiba yake humu ndani. Mpe kibubu cha udongo kweli, kilie anapokitikisa.

Yule mwanamke wa Enron aliyemwandikia Lay barua ya kuonya, Sherron Watkins, vijana wako watataka awe shujaa mkuu. Mweke, ila kwa kifupi. Mchezo ukiwa na malaika, kila mtazamaji hujiona ni yeye.

Na wasimalize kwa pingu. Najua watataka. Historia inawapa: Skilling alihukumiwa mwaka 2006 miaka 24 na miezi minne, mwaka 2013 ikapunguzwa hadi 14, Lay alikutwa na hatia Mei 2006 akafariki Julai kabla ya kusomewa adhabu. Lakini pingu jukwaani huwapa watu usingizi mtamu. Polisi wakiingia, mwenye kibubu anasahaulika.

Niende sasa kwenye kitu nilichokijaribu kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mazoezi ya wazi hapa Mikindani, kila aliyeingia tulimpa kipande cha karatasi chenye muhuri tuliouchonga kwenye kiazi. Kimeandikwa: mwenye karatasi hii atapewa korosho tatu mwisho wa mchezo. Kila baada ya onyesho kijana alipita na kengele anatangaza, karatasi sasa ni korosho sita. Kumi. Kumi na tano. Hatukumwambia mtu auze wala anunue. Kufika onyesho la pili watoto walikuwa wanabadilishana karatasi kwa biskuti. Mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuja na ndoo yake akakaa nyuma karibu na mwembe, akaanza kununua kimyakimya, karatasi mbili kwa kitumbua kimoja. Kijana alipotangaza ishirini, watu walipiga kelele za furaha na waigizaji wakasahau maneno yao.

Mwisho tukaleta sinia. Lilikuwa na konzi moja ya korosho, basi.

Palikuwa kimya kidogo. Kisha yule mama akasimama na karatasi zake mkononi, nilizihesabu baadaye zilikuwa kumi na tisa, akasema, "Mimi nilijua. Nilijua tangu ile ya sita. Ila nilidhani nitauza kabla." Nimesoma maelezo mengi ya kuanguka kwa masoko ya hisa na sijakutana na mafupi kuliko hayo. (Vitumbua vyake tulimlipa, ilibidi, vijana wangu ndio waliokuwa wamevila.)

Nikufanyie marekebisho ya nilichokosea. Konzi ile ilikuwa ndogo mno, watoto wawili walilia na mzazi mmoja alinisema. Wewe lipa. Mwisho wa mchezo kila mtu apate korosho tatu kwa kila karatasi, zilezile zilizoandikwa tangu getini, bila pungufu. Utaona watu wamepewa kila walichoahidiwa na bado wanatazama viganja vyao kama walioporwa.

Kuhusu bidhaa ya kampuni yako ndani ya hadithi, hapa ndipo nitakubishia kidogo. Umeniambia mnafikiria iwe chama cha msingi na mnada wa korosho. Isiwe. Ule mchezo wa Prebble uliopendwa London ulivuka bahari, ukazinduliwa New York tarehe 27 Aprili 2010, na tarehe 9 Mei ukafungwa. Watu wameandika sababu nyingi. Mimi naamini London walikuwa wanacheka habari za jirani, New York walikuwa wanatazama kidonda chao, mwaka mmoja na nusu tu baada ya benki zao kuanguka. Sisi kidonda chetu ni korosho. Liwale, Aprili 2013, malipo ya pili yalikuja pungufu ya watu walichotarajia, nyumba zikachomwa moto. Ukiweka mizani na gunia jukwaani Newala mwezi Septemba, nusu ya watazamaji wataacha kukutazama wewe na kuanza kumtafuta katibu wao pale kwenye mikeka.

Uza mvua. Nasema kweli. Enron iliuza mikataba ya hali ya hewa kuanzia mwaka 1997, kwa hiyo hutakuwa umebuni sana. Nyinyi mlioko juu ya uwanda wa Makonde mnajua shida ya maji kuliko mtu yeyote, bibi zenu walishuka bondeni na kupanda na vichwa vyao vimebeba. Anakuja bwana mwenye shati safi, anauza mvua ya miaka ishirini ijayo. Anahesabu mawingu kama yule mzee na maua yake. Anatoa hati: ndoo elfu, zimeshanyesha kwenye daftari. Wazee watacheka, na wakicheka wamekwisha kuingia. Korosho zibaki kwenye sinia tu, kama gawio la kampuni ya mvua.

Vijana watataka pia kuchomeka EPA, akaunti ya malipo ya madeni ya nje, zile shilingi bilioni 133 zilizotoka Benki Kuu kwa kampuni 22 mwaka 2005/06, nyingi kwa nyaraka za kughushi. Waache waisome, iwape hasira ya kuigizia, ila isitajwe. Jina la kweli likitajwa jukwaani, watu huacha kujifikiria wao na kumfikiria mwenye jina; na kama yuko hai, una kesi.

Mambo ya sheria nayapita haraka. Maandishi ya Prebble ni mali yake, usiyatafsiri ukayaonyesha bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inakuhusu hata ukiwa uwanja wa shule na hutozi kiingilio. Matukio ya Enron yenyewe si mali ya mtu, yachukue utakavyo, na mnyama wako awe kinyago chako, sio dinosaria zake. Kibali cha kuonyesha mchezo kiko kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mpelekee andiko mapema, na mwalike aje siku ya mazoezi ya kofia. Akicheka, mengine yatakwenda.

Muda usizidi saa moja na robo. Kama kuna jenereta, liwe mbali, kofia tatu hazina maana maneno yasiposikika. Huyo kijana wa kofia mchague kwa miguu, maneno atajifunza.

Korosho nunua zilizobanguliwa, za daraja la ukubwa liitwalo W320 zinatosha. Nusu kilo ina punje kama mia tatu na hamsini, yaani watazamaji mia na kumi hivi. Zikaangwe jioni hiyohiyo karibu na geti, harufu itangulie watu kuingia. Na sinia mpe mtu mzima alishike, ukimpa kijana litafika nusu.